Simu Iliyokula Kahawa ya Ma Skolastika

Vijana, nyinyi mnaosomea mambo ya benki, na nyinyi mliokwisha kupata viti vya kuzunguka kwenye ofisi za pale Bukoba mjini, maneno haya ni yenu. Nilikuwa afisa mikopo wa chama cha wakulima wa kahawa Kamachumu maisha yangu yote ya kazi. Nilianza nikiwa msichana mwembamba wa kupeperushwa na upepo, nikastaafu nikiwa mama wa magoti mabovu, na magoti yale yaliharibiwa na vilima vya wilaya yetu ya Muleba, si na uzee. Watu waliniita Mama Mikopo. Wapo waliokuwa wakiniona kwa mbali wanaingia migombani ghafla, kana kwamba wamekumbuka mkungu wa kukata. Sasa nakaa Kahororo, hapo hapo Bukoba, kwa binti yangu, nakunywa chai, na nyinyi mnakuja kunionyesha simu zenu mkisema, "Bibi, siku hizi mkopo ni dakika moja tu." Najua. Dakika hiyo ndiyo inayonichoma.

Sisi mkopo ulituchukua wiki, wakati mwingine mwezi. Meneja aliyenifundisha kazi, Ta Bernado, au Bwana Bernado kama mngesema nyinyi, alikuwa mzee wa mwavuli. Mvua inyeshe, jua liwake, mwavuli upo, na akiwa anafikiri anachimbachimba ardhi kwa ncha yake. Siku yangu ya kwanza nilikaa mezani nimenyoosha kalamu zangu, nasubiri waombaji. Akaniangalia, akasema, "Binti, hapa ofisini utaona nguo za watu za kanisani tu. Vaa viatu." Tukaenda kwa mwombaji. Nikashika njia ya mbele, ile iliyofagiliwa. Akanivuta kanga. "Mbele ni kwa wageni. Sisi tunaingia kwa nyuma, jikoni."

Nyuma ndiko kibanja kinakosema. Mkiwa mmezaliwa mjini niwakumbushe: kibanja ni shamba la nyumbani kwetu Wahaya, migomba na kahawa pamoja, nyumba katikati, na marehemu wetu wamezikwa humo humo. Ta Bernado alinifundisha kuangalia nyasi zilizotandazwa chini ya migomba. Nyasi mpya, mtu huyu anafikiria mwakani. Nyasi zimeoza na hajatandaza nyingine, muulize kwanza ana nini, kabla hujamnyima. Huenda mkewe anaumwa. Huenda yeye mwenyewe amekata tamaa, na aliyekata tamaa hapewi mkopo, anapewa mtu wa kukaa naye. Halafu unazungumza na mama wa nyumba, peke yake, mkimenya ndizi. Baba anaomba pesa ya mbolea. Mama akinyamaza na kumenya kwa haraka, ujue mbolea hiyo inauzwa baa.

Msidhani hatukudanganywa. Bwana mmoja alituonyesha kibanja kizuri mno, migomba minene, kahawa imeinama kwa matunda. Anatembea mbele yetu anaonyesha kwa mkono, huku ni kwangu, kule ni kwangu. Mara mbwa akatoka nyuma ya nyumba na kumrukia yeye, si sisi. Anamfokea, mbwa hasikii. Ta Bernado akasimama, akachimba ardhi kwa mwavuli wake, akauliza kwa upole kabisa, "Waitu, ndugu yangu, mbwa wako umemnunua jana?" Kibanja kilikuwa cha jirani aliyekwenda Mwanza kwenye harusi. Tulicheka mpaka ofisini, na yule bwana mwenyewe alicheka, akarudi mwaka uliofuata na kibanja chake halisi, kidogo na kibaya, tukampa mkopo mdogo. Alilipa wote.

Lakini kazi yetu hasa, ile iliyomnyima usingizi Ta Bernado, ilikuwa kupigana na butura. Butura ni kuuza kahawa ingali ua. Mtu ana shida leo, mtoto amefukuzwa shule, na kahawa itaiva baada ya miezi. Anakuja mwenye pesa, anaangalia maua, anampa kiasi cha kutia aibu, na mavuno yakifika gunia ni lake. Mkulima anapalilia, anachuma, anaanika, kisha anambebea mwingine. Chama chetu kilikuwepo ili mtu mwenye shida apate pa kwenda kabla hajaenda kwa mnunuzi wa maua. Ta Bernado alisema mtu akiuza ua mara moja, mwaka unaofuata ataliuza tena, kwa sababu mavuno aliyokuwa ayatumie yameshaondoka. Hapo hatoki. Sikuhitaji kusoma chuo kulielewa hilo. Nililiona kwa mjomba wangu.

Nisiwe mwongo. Simu zilipoanza kubeba pesa nilishukuru Mungu kwa sauti. Kabla ya hapo pesa za msimu zililetwa kutoka Bukoba kwa gari, chini ya magunia, na dereva wetu alikuwa anaendesha huku anaimba nyimbo zote za kwaya anazozijua kwa hofu ya majambazi. Na akina mama! Nimewaona wakificha pesa ndani ya maharage, ndani ya godoro, mmoja ndani ya kiatu cha marehemu mama mkwe kwa sababu mume aliogopa kukigusa. Simu iliwapa namba ya siri, na kwa mara ya kwanza mwanamke wa Kamachumu akawa na mfuko ambao mume hawezi kuutia mkono. Hilo ni jambo kubwa na sitaki mtu yeyote asome maneno yangu aseme bibi anachukia maendeleo.

Kisha wakatuita semina Bukoba. Hoteli ya karibu na ziwa, soda mbili mbili, na kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam akatuambia kwamba sasa kila mtu atakuwa na alama. Kompyuta itaangalia simu ya mtu, anavyotuma pesa, anavyopokea, anavyokopa na kulipa, kisha itatoa alama, na alama ndiyo itasema apewe au anyimwe. Hakuna tena kwenda kwa mtu. Nikanyoosha mkono. "Na yule ambaye hajawahi kukopa popote?" Akasema, "Huyo, mama, mfumo haumjui." "Kwa hiyo asiyedaiwa na mtu ni mbaya kuliko anayekopa kila wiki?" Akanijibu bila dharau, na jibu lake lilikuwa zuri: mkopeshaji hawezi kumpa asiyemjua, na wao wana wateja nchi nzima, si kijiji kimoja, hawawezi kumtuma mtu kila mlango. Watu wakapiga makofi. Wenzangu wakanicheka kwenye basi mpaka Muleba, wananiita "Mama Alama". Na mimi nilicheka. Ningejua, nisingecheka.

Ma Skolastika alikuwa mjane wa huko nyuma ya Kamachumu, mwanachama wetu tangu mumewe angali hai. Mwanamke wa kibanja hasa. Ukiingia kwake kwa nyuma hukuona kosa: nyasi mpya, kahawa imepogolewa, kaburi la mumewe limepaliliwa na kuzungushiwa maua mekundu. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebakia, Projestus, mwendesha bodaboda pale Bukoba, kijana mtiifu anayerudi kwa mama kila msimu wa senene na mfuko wa sukari.

Chama kilipotangaza kwamba malipo ya kahawa yatapitia simu, kila mkulima alitakiwa awe na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Wakaja vijana na vimashine vyao, wakakaa kwenye ukumbi wetu. Ma Skolastika akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Wakampa kitambaa afute, wakampaka mafuta, wakamwambia abonyeze kwa nguvu, akabonyeza mpaka meza ikasogea. Vidole vyake vilikuwa laini kabisa pale mbele, havina mistari. Maisha yake yote alikuwa ameng'oa magugu, ameparua kahawa iliyoanikwa, ameshika nyasi kali. Hakuwa peke yake. Wakongwe wengi siku ile walikataliwa, wakawa wanatazama vidole vyao kama wameletewa vya mtu mwingine.

Yule kijana wa mashine akasema kuna njia. "Mama, una mtoto? Asajili yeye, wewe utumie." Ma Skolastika akafurahi. Aliniambia pale pale, "Mama Mikopo, kibanja ni cha Projestus, mimi nakitunza tu. Simu ikiwa ya kwake kuna ubaya gani?" Na kwa desturi yetu alikuwa hajakosea. Mtoto wa kiume ndiye mrithi; mali ya mama na ya mwana hazina mpaka. Projestus akaja Jumamosi, akaweka kidole chake kipana cha kushika usukani, mashine ikalia kwa furaha. Wazee wengine wakafanya vivyo hivyo, huyu kwa mjukuu, yule kwa mkwe. Kijiji kizima kikawa kinatembea na simu za watu wengine, na hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu kwetu hawakuwa watu wengine.

Nilistaafu. Haukupita muda Ma Skolastika akaugua, akapasuliwa tumbo hospitali ya Rubya, akapona. Gharama za matibabu alizipata kwa kuweka rehani kipande cha juu cha kibanja, kile chenye kahawa nyingi na chenye kaburi la mumewe. Aliyempa ni jirani yake, Ta Sospeter, mfanyabiashara wa ndizi. Wazee wa ukoo walishuhudia. Makubaliano yalikuwa wazi: malipo ya kahawa ya msimu ule yakitoka, analipa, msimu ukifungwa hajalipa, kipande ni cha Sospeter. Aliponieleza sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimeiona kahawa yake. Ilitosha kumlipa Sospeter na kubaki ya chumvi.

Siku ya malipo alinipigia. Mimi nilikuwa Kamachumu kwa mazishi, nikapita kwake jioni. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, simu iko mapajani. "Nisomee," akasema. "Imelia mara mbili." Nikasoma. Ujumbe wa kwanza: umepokea malipo ya kahawa. Ujumbe wa pili, uliokuja nyuma yake hapo hapo: kiasi kimekatwa kulipia mkopo wako. Kilichobaki hakikutosha kununua debe la mafuta ya taa.

"Mkopo gani?" akaniuliza. "Mimi nimekopa wapi, waitu? Nimekopa kwa Sospeter tu."

Tukampigia Projestus. Nikamsomea ujumbe ule wa pili. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikopa kwenye laini yangu. Si ya kwako. Nilikopa pikipiki ilipoharibika, halafu nikakopa mwingine nilipe ule, halafu..." Akaanza kulia, mwanaume mzima, kando ya barabara, pikipiki zinasikika zikipita. Hakujua, na nawaambia hata mimi sikujua, kwamba kule kwenye mitambo laini mbili zenye kidole kimoja ni mtu mmoja. Kwao hapakuwepo Ma Skolastika. Palikuwepo Projestus mwenye deni lililokua, na Projestus huyo huyo aliyepokea pesa za kahawa. Wakachukua chao.

Mnaona? Butura ile ile. Kahawa imeliwa ikiwa ua, sasa na mtu ambaye hakuwahi hata kuja kuangalia ua lenyewe. Wale wanunuzi wa zamani walikuwa wanyonyaji, lakini angalau walipanda kilima.

Nikamshika mkono tukaanza kuzunguka. Chama changu mwenyewe kilinionyesha kwenye skrini: imelipwa, na kweli ilikuwa imelipwa. Tukapanda gari mpaka Bukoba, kwenye duka la mtandao wa simu. Msichana mpole akauliza mwenye laini ni nani, nikasema ni huyu mama, akatazama, akasema, "Hapana, mwenye laini ni Projestus. Huyu mama ni nani?" Ma Skolastika akajibu mwenyewe, "Mimi ndiye niliyemzaa." Msichana akainama, akasema pole, lakini kwa utaratibu hawezi kuzungumza naye habari za laini ya mtu mwingine. Tukamleta Projestus. Wakopeshaji wakamwambia kwa simu kwamba alibonyeza kukubali masharti, na masharti yalisema. Alikuwa amebonyeza, ndiyo. Nani kati yenu amewahi kuyasoma?

Kila mtu alikuwa sahihi, wanangu. Hicho ndicho kitu ambacho sijakimeza mpaka leo. Zamani mtu akidhulumiwa alikuwepo mdhulumaji, unamjua kwa jina, unaweza kumnunia kanisani. Mimi na Ma Skolastika tulizunguka Bukoba nzima tukitafuta mtu wa kumkasirikia, tukapewa viti na maji ya kunywa.

Ikabaki njia moja. Chama kimpe mkopo mdogo amlipe Sospeter, alipe msimu ujao. Nilikwenda kwa furaha kabisa, kwa kuwa ofisi ile naijua. Aneth, niliyemfundisha kazi mimi, ndiye aliyekuwa amekaa kwenye meza yangu. Alisimama aliponiona. "Shikamoo mama." "Marahaba. Nimemleta Ma Skolastika. Unajua kibanja chake." "Nakijua mama. Kila mtu anakijua." Akachukua kishikwambi cha ofisi, akaingiza namba ya simu ya Ma Skolastika. Akangoja. Uso wake ukabadilika.

"Mama, imekataa. Inaleta Projestus, na alama zake bado ni mbaya kwa kuchelewa kulipa."

"Ingiza jina lake yeye."

"Kwa jina lake hayupo. Hana laini, hana historia."

"Basi mimi namdhamini. Andika mimi."

Aneth akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Akaishusha kwa kidole mpaka mwisho, akaipandisha. "Mama, hakuna sehemu ya mdhamini. Waliiondoa." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ningekuwa nayo ningeandika. Nikilazimisha, mfumo unaniripoti mimi."

Simlaumu Aneth. Ana watoto. Ila nilitazama ile meza, ambapo Ta Bernado alikuwa akiandika kwa mkono wake "mtu huyu namjua", na maneno hayo yakatosha kumpatia mtu mbolea, bati, ada ya shule. Leo maneno hayo hayana mahali pa kuandikwa. Mtu anaweza kuishi miaka yote hiyo kwa uaminifu mbele ya macho ya watu, na uaminifu wote huo usiwe na kitufe.

Nilitoa nilichokuwa nacho, binti yangu akaongeza, Projestus akauza pikipiki kwa bei ya hasara. Haikufika. Sospeter tulimwendea, akatukaribisha vizuri, akatuletea rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasema, "Waitu, nimesubiri, na mimi nina wanangu." Hakuwa mtu mbaya. Msimu ukafungwa.

Siku ya kukabidhi nilikwenda, kwa sababu sikutaka awe peke yake. Wazee wa ukoo wakapita na mpaka mpya, wakapanda miti ya alama kutoka mgomba hadi mgomba. Kaburi likabaki upande wa pili. Sospeter akamwambia, mbele ya wote, kwamba anaweza kuvuka kuja kupalilia wakati wowote, asione haya. Ma Skolastika akamshukuru. Alimshukuru, wanangu, kwa ruhusa ya kufika kwenye kaburi la mumewe. Mimi nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba ili nisitukane mbele ya wazee.

Watu wakaondoka. Tukakaa jikoni. Simu yake ikalia. Akanipa. "Nisomee."

Niliusoma kimya kwanza. Ulisema: Hongera PROJESTUS! Umemaliza kulipa mkopo wako kwa uaminifu. Sasa unastahili mkopo mkubwa zaidi.

"Wanasemaje?"

Nilitaka kumwambia ni matangazo tu. Sikuwahi kumdanganya mwanachama, nikaona sitaanza na yeye. Nikamsomea wote, neno kwa neno, polepole. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajiweka sawa kwenye kigoda chake, akakunja mikono, jinsi alivyokuwa akikaa wageni wakija kumpa pole au hongera.

"Basi wajibu, usiwaache hivyo," akasema. "Waambie kasinge, tumeshukuru. Waambie pia kwamba hiyo ilikuwa kahawa yangu."

Nikaandika kwa hasira, nikayaandika maneno yake yote bila kupunguza hata moja, nikatuma. Yakarudi papo hapo. Namba ile hutuma tu; haipokei.